Umesikiliza gitaa, hujasikiliza kinanda: jibu kuhusu Luck and Strange ya David Gilmour

Swali lililonifikia: "Shikamoo kaka. Mi nina miaka 24, napiga gitaa la solo kanisani na kwenye bendi ndogo ya mtaani hapa Mbeya. Kuna mtu kanipa Luck and Strange ya David Gilmour, yule mzee wa bendi ya roki ya Pink Floyd, akaniambia hilo ni darasa zima. Nimeisikiliza mara tatu, nasema ukweli naona imepoa. Mzee anapiga noti chache, nyimbo zenyewe zinaongelea kufa kufa tu. Kuna kitu nimekosa au watu wanaisifu kwa heshima ya jina? Na nikitaka sauti kama ile ninunue gitaa gani?"

Marahaba mdogo wangu. Asante kwa kusema ukweli, maana wengi wakipewa albamu ya mtu mwenye jina wanatikisa kichwa tu hata kama hawajaelewa, halafu wanaiweka pembeni kimya kimya na kurudi kwenye mambo yao. We umeirudia mara tatu na bado unauliza, hiyo ni dalili nzuri. Nitakujibu kirefu kwa sababu hii albamu naipenda sana, nimekaa nayo tangu ilipotoka Septemba 2024, na swali lako limenigusa pabaya kidogo, utaona mbele.

Kitu umekosa, ndio. Umeisikiliza kama mpiga solo. Yaani umekaa unasubiri gitaa, gitaa likiingia unahesabu noti, likitoka unashika simu. Najua kwa sababu na mi nilianza hivo hivo, wiki ya kwanza nilikuwa narukia zile dakika za solo tu. Siku moja niko kwenye daladala, foleni ya Ubungo haisogei, nimeuacha ule wimbo wenye jina la albamu ujiendee, ghafla nikagundua nasikiliza kinanda. Kipo nyuma nyuma, hakijionyeshi, kinajibu gitaa kila linaposema kitu. Nikajiuliza huyu anayepiga ni nani mbona kama wanajuana hivi.

Anaitwa Richard Wright. Alikuwa mpiga kinanda wa Pink Floyd tangu bendi inaanza, 1965, wakati Gilmour mwenyewe hajafika bado. Gilmour aliingia mwishoni mwa 1967 kuelekea 1968, kijana wa miaka 21, akaletwa kwa sababu rafiki yake Syd Barrett aliyekuwa kiongozi wa bendi akili ilikuwa imeanza kumwacha. Kutoka hapo yeye na Wright walipiga pamoja karibu miaka arobaini, na ndani yake kuna ugomvi mkubwa wa bendi, kuna mpaka Wright kutolewa kwenye bendi na kurudi tena, yote hayo. Kama hujawahi kusikia walivyokuwa wanaimba pamoja tafuta Echoes ya 1971, zile sauti mbili zimelala pamoja mpaka huwezi kusema nani ni nani. Mwaka 2006 Gilmour alipozunguka na albamu yake ya On an Island, Wright alikuwa naye jukwaani usiku baada ya usiku. Baada ya ziara ile, Januari 2007, Gilmour akawaita yeye na Guy Pratt wa bezi na Steve DiStanislao wa drams kwenye banda shambani kwake Uingereza, wakaseti vyombo, wakaanza kupiga tu bila wimbo wowote mkononi, na mashine ya kurekodi imewashwa.

Septemba 2008 Wright akafa kwa kansa. Alikuwa na miaka 65.

Sasa rudi kwenye wimbo wenyewe, Luck and Strange. Ule wimbo umejengwa juu ya ile rekodi ya bandani. Kinanda unachokisikia ni cha mtu aliyefariki miaka kumi na sita kabla albamu haijatoka. Yaani mzee anayekaribia miaka 80 amekaa studio, ameweka hedifoni masikioni, anapiga gitaa na mwenzake ambaye hayupo, na mwenzake anamjibu. We umeniambia anapiga noti chache. Mdogo wangu, anapiga chache kwa sababu anamwachia mwenzake nafasi ya kusema. Ukijaza kila mahali, Wright atasikika wapi?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabisa, anza na mwisho. Kwenye matoleo mengi wameongeza ile jemu (kupiga kwa kubuni papo hapo) ya asili ya bandani, dakika kama kumi na nne hivi, haina maneno, haina mpangilio, watu wanne wanatafutana tu. Isikilize hiyo peke yake, usiku, na spika nzuri au hedifoni, na macho yako (masikio yako, nisamehe) yafuate kinanda tu. Gitaa lisahau. Halafu kesho yake ndo usikilize ule wimbo ulioimbwa. Utasikia kilichobaki na kilichokatwa, utasikia jinsi walivyotengeneza wimbo kutoka kwenye kitu ambacho hakikuwa wimbo, na mimi kwa upande wangu hilo ni darasa kubwa kuliko solo yoyote humo ndani.

Nilikwambia swali lako limenigusa. Nimepiga solo kwenye bendi za hoteli na za baa hapa Dar miaka ishirini na sita, na kati ya hiyo, kumi na moja nilipiga na mpiga kinanda mmoja tu, jamaa mpole, Mndengereko, hanywi, akimaliza kazi anakunja waya zake taratibu na kuondoka. Alifariki 2013. Tulikuwa tunarekodi mazoezi kwenye kaseti, baadae kwenye simu, kwa ajili ya kusahihishana tu, hakuna aliyefikiria kama ni kitu cha kutunza, na kaseti nyingi zilirekodiwa juu yake mahubiri na taarabu na sijui nini. Nimebakiwa na dakika saba. Dakika saba za miaka kumi na moja! Humo ndani mi napiga kama mwendawazimu, noti juu ya noti, naonyesha ufundi, na yeye anasikika kwa mbali anajaribu kuingia hapati mlango. Nikisikiliza ile rekodi sasa hivi naumia kwa sababu nilikuwa naongea peke yangu muda wote na mtu mzuri amekaa pembeni ananisubiri nimalize. Ndo maana Gilmour akikaa kimya kwenye ule wimbo, mi nasikia kitu ambacho we kwa miaka 24 pengine hujakifikia, na nakuombea uchelewe sana kukifikia.

Tuje kwenye kufa kufa. Mashairi mengi ya humo hajaandika yeye, ameandika mke wake Polly Samson, ni mwandishi wa riwaya, walioana 1994 na ameanza kumwandikia mashairi tangu albamu ya The Division Bell ya Pink Floyd mwaka huo huo. Hilo ni muhimu kwa sababu unaposikia maneno kuhusu uzee na kuachana, anayeyaandika ni mwanamke anayemtazama mume wake anazeeka, na anayeyaimba ni huyo mume. Kwenye A Single Spark wanasema maisha ni cheche moja tu katikati ya giza mbili. Lile jina lenyewe Luck and Strange, bahati na ajabu, linahusu kizazi chake, watoto waliozaliwa vita vya pili vya dunia vikiwa ndo vimeisha (yeye ni wa Machi 1946), wakakua kwenye amani wakiamini dunia inaendelea kuwa nzuri tu, kazi zipo, muziki upo, na sasa wazee wanaangalia nyuma wanajiuliza kama ile ilikuwa kawaida au ilikuwa bahati ya muda mfupi. Mi sioni kama hapo kuna kulialia. Na isitoshe sisi wenyewe kifo tumekichezea dansi sana, Remmy Ongala aliimba Kifo na ukumbi ukajaa, watu wanacheza huku wanajua anachosema. Tofauti ni kwamba Remmy alikuwa anakishutumu kifo kabisa, anakiuliza maswali, Gilmour anakiangalia kama mtu anayeangalia mvua inakuja upande wa pili wa bonde.

Kuna kitu kingine kimefanya albamu isikike "imepoa" kwako, na hiki ni cha ufundi. Prodyuza. Gilmour alishirikiana na kijana anaitwa Charlie Andrew, aliyejulikana kwa kazi zake na bendi ya alt-J, na huyu kijana hakuwa amelelewa kwenye Pink Floyd, hana ile hofu. Alifika akasikiliza demo akaanza kuuliza maswali ambayo hakuna mtu angethubutu kumuuliza mzee, kwa nini hapa lazima kuwe na solo ya gitaa, kwa nini kila wimbo unafifia mwishoni, hauwezi tu kuisha? Fikiria unamuuliza hivyo mtu ambaye solo zake ndo zimemjengea jina dunia nzima. Na mzee akafurahi, akamwachia. Miezi mitano wakarekodi kati ya Brighton na London, na wakaingiza wapigaji wapya, Adam Betts na Tom Herbert na Rob Gentry, pamoja na Steve Gadd kwenye drams, na wale wa zamani kama Guy Pratt, na mpangaji wa ala za nyuzi na kwaya Will Gardner. Kwa hiyo sehemu ulizokuwa unasubiri gitaa lije likaacha kuja, kuna mtu aliuliza hilo swali pale. Mi natamani kila bendi ingekuwa na mtu mmoja wa kuuliza hivyo. Bendi yetu haikuwa naye.

Between Two Points ndo mfano mzuri zaidi. Wimbo sio wake, ni wa bendi ndogo ya Kiingereza inaitwa The Montgolfier Brothers, wa 1999, na haimbi yeye, anaimba binti yake Romany, alikuwa na miaka 22, anapiga na kinubi humo humo. Sauti yake haina mbwembwe, kama mtu anayekusimulia kitu jikoni bila kukuangalia usoni. Baba yake anakaa nje ya wimbo karibu wimbo mzima. Anaingia mwishoni, na akiingia utaona kabisa anafuata pale sauti ya mtoto ilipoishia, anaanzia hapo hapo, halipandishi gitaa juu ya sauti mpaka sauti imemaliza kazi yake. Mimi nina binti anayeimba na nimewahi kumpigia jukwaani, naomba uniamini kwamba kujizuia kule ni kugumu kuliko kukimbiza vidole freti zote 22.

Familia iko kila mahali humo kwa kweli. Wakati wa korona walikuwa wanajirekodi nyumbani wanaimba na kupiga pamoja mbele ya kamera, na nadhani hapo ndo mzee aligundua sauti ya Romany inakaa vizuri na yake. Wimbo wa mwisho, Scattered, mashairi yake yana mkono wa mtoto wao Charlie, na picha ya mbele ya albamu aliyopiga Anton Corbijn imetoka kwenye maneno ya wimbo huo, mtu amesimama ndani ya mto anasukumana na mkondo.

Sitasema kila kitu ni dhahabu. Dark and Velvet Nights mi huwa naupita, una nguvu lakini umepigwa kama wimbo wa kuamsha watu kwenye shoo, na ukiwa umetoka kusikiliza Between Two Points unakuta mtu kakuwashia taa usoni. The Piper's Call, unaoongelea vishawishi vya umaarufu na vitu vya haraka, nao una hotuba kidogo kwa masikio yangu, ila solo yake ya mwisho inausamehe. Black Cat na Vita Brevis ni vipande vifupi sana vya ala tu, vichukulie kama mlango na dirisha.

Lakini Scattered, hapo ndo nataka ukae. Zaidi ya dakika saba. Inaanza na mdundo kama moyo, wale waliokua na Pink Floyd watakumbuka moyo mwingine, ule wa albamu ya The Dark Side of the Moon, na solo yake imegawanyika. Kwanza linaingia gitaa kavu, la mbao, na anapiga kama mzee anayetafuta neno, anaanza sentensi anaiacha. Halafu linaingia la umeme, na hapo ndo unasikia David Gilmour wa miaka yote hamsini, ile sauti inayopanda na kukaa juu na kutetemeka taratibu. Sasa mi nakuuliza, lile la umeme lingekuwa na uzito gani kama lile kavu lisingetangulia? Jaribu mwenyewe, ruka uanzie kwenye la umeme. Utasikia solo nzuri ya kawaida. Rudi uanzie kwenye kavu, utasikia mtu aliyepata neno alilokuwa analitafuta.

Kuhusu gitaa la kununua, hapa nataka nikuokolee hela. Lile gitaa lake maarufu jeusi, Fender Stratocaster, ambalo limepiga Comfortably Numb na karibu kila kitu unachokijua, hakuwa nalo tena wakati anarekodi hii albamu. Aliliuza. Juni 2019 kwenye mnada wa Christie's New York, pamoja na magitaa mengine zaidi ya mia, lile jeusi peke yake likaenda kwa dola milioni 3.975, na jumla ikapita milioni 21, na hela yote akawapa ClientEarth, shirika la wanasheria wa mazingira. Kwa hiyo sauti uliyoisikia imetoka kwenye magitaa mengine na bado ukaijua ni yeye ndani ya noti mbili. Hilo linatosha kukujibu. Stratocaster yoyote ya kuiga yenye shingo iliyonyooka, ipeleke kwa fundi airekebishe ikae kwenye tuni, weka waya za unene wa 10 mpaka 48, ambazo ndo anazotumia yeye, na kieko kimoja cha kawaida (kifaa cha kuleta mwangwi) ukiweke chini kiasi kwamba ukikizima ndo unagundua kilikuwepo. Vijana wanazamisha gitaa kwenye eko mpaka noti zinagongana, halafu wanasema ni Pink Floyd.

Kazi iko kwenye kidole. Gilmour anavuta waya kama mwimbaji anavyopandisha sauti, na anafika kwenye noti kamili, hapungui, hazidi. Wapiga solo wengi tunavuta waya na kuishia karibu karibu, mi nikiwemo kwa miaka mingi. Fanya hivi. Waya wa pili kutoka chini, piga freti ya 12, isikilize mpaka ikukae kichwani. Rudi freti ya 10, vuta mpaka ifanane na ile ya 12 kabisa kabisa. Hakikisha na programu ya kutune kwenye simu maana sikio linadanganya ukiwa umechoka. Ukishafika, usitetemeshe kwanza, kaa hapo noti ikiwa imenyooka, hesabu mbili, ndo uanze kutetemesha, taratibu, upana ule ule. Utaona mkono unauma siku za kwanza, tumia vidole vitatu kusukuma, kimoja peke yake hakitoshi. Halafu kitu cha pili, kabla hujapiga mstari wowote uimbe kwa mdomo, na pale utakapovuta pumzi, gitaa nalo linyamaze. Na ujifunze kuchelewa kidogo nyuma ya drams. Yeye hakimbilii mdundo, anauacha upite halafu anakaa nyuma yake kama mtu aliyeegemea ukuta, na bendi za kwetu zinavyopenda kusukuma mwendo hiki utakipata kwa shida, mwambie mpiga drams wenu ashike tempo na asikufuate.

Hukuuliza kama ameaga, lakini watu wanasema sana, kwamba hii ni albamu ya kwaheri. Baada ya kuitoa, mzee alipanda jukwaani Brighton, akapiga usiku sita Roma pale Circus Maximus, akaenda Royal Albert Hall London, Los Angeles, akamalizia Madison Square Garden New York, yote hayo ndani ya miezi miwili, na Romany yupo pembeni yake anaimba. Albamu yenyewe ilifika namba moja Uingereza. Mtu anayeaga hapangi usiku sita sehemu moja.

Kwa hiyo mpango ni huu: wiki hii jemu ya bandani tu, kinanda tu. Wiki ijayo wimbo wenye jina, Between Two Points na Scattered, hizo tatu. Ukienda mazoezini, muombe mpiga kinanda wenu mkae wawili bila wengine, nusu saa, ye aanze we umjibu, na uweke simu irekodi. Usiifute hiyo rekodi hata kama mmeharibu. Halafu lile zoezi la freti ya 10 ukilifanya wiki mbili nirekodie dakika moja unitumie, bila eko, nisikie waya unafika wapi.